Bei ya Gemu Iangalieni Mkishamaliza Kucheza

Wadogo zangu, leo ni zamu ya wapenzi wa gemu. Mnaniuliza: ninunue CD au nipakue? Na mbona bei hazilingani kila nchi?

Chukueni Mario Kart World ya Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025. Marekani ilikuwa dola 79.99, ununue kadi dukani (ndiyo CD ya Switch) au upakue. Uingereza, ya kupakua ilikuwa pauni 66.99, ya dukani 74.99. Japani nako, yeni 8,980 kwa 9,980. Kadi inatengenezwa, inasafirishwa, na mwenye duka naye anataka chake. Marekani tofauti hiyo hawakuionyesha kwenye bei, basi.

Ila msiseme bado kwamba ya kupakua ndiyo nafuu. Tuseme umenunua CD kwa Sh 6,000 za Kenya, ukaimaliza, ukamuuzia jirani kwa 4,000. Umetumia 2,000. Ile uliyopakua kwa 5,000 imebaki 5,000, na bado hujahesabu bando, maana gemu kubwa zinapita GB 100. Huwezi kuiuza. Ulicholipia ni ruhusa ya kucheza tu. Tangu Januari 2025, sheria ya California inayataka maduka ya mtandaoni yamwambie mnunuzi hivyo waziwazi.

Na boksi lisikudanganye. Baadhi ya kadi za Switch 2 hazina gemu ndani, ni ufunguo tu, kupakua kuko palepale. Kuuza utaiuza, lakini bando halikwepeki. Soma maandishi ya mbele ya boksi kabla hujatoa hela.

Wale wa kufungua akaunti ya nchi ya mbali ili mpate bei ya chini, hapo nawavuta sikio. Watu walihamia duka la mtandaoni la Steam la Uturuki na Argentina kufuata urahisi. Novemba 2023 bei za huko zikageuzwa kuwa za dola, mchezo ukaisha. PlayStation nayo, nchi uliyoiandika wakati wa kufungua akaunti huibadilishi tena. Shangazi akikuletea CD ya PS5 kutoka London na akaunti yako ni ya Marekani, gemu itacheza vizuri, lakini nyongeza utakazonunua kwenye duka la Marekani huenda zikaikataa CD hiyo.

Kwa hiyo, gemu ya hadithi, ya kumaliza na kuachana nayo, nunua CD. Ile unayocheza kila jioni mwaka mzima, pakua, ila subiri ofa. Na unayetaka PS5 isiyo na sehemu ya CD, kumbuka mwaka 2020 ilitoka kwa dola 399, yenye CD 499. Hiyo dola 100 waliyookoa wanunuzi wa wakati huo iliwafungia soko lote la CD za mtumba.

Anayebisha alete risiti zake, tupige hesabu pamoja.