Basi Likibingirika, Nguzo Ndizo Hushikilia Paa

Mnamo Oktoba 10, 2018, basi lilianguka Fort Ternan, Kaunti ya Kericho. Zaidi ya watu 50 walifariki. Paa lote lilikuwa limeng'oka.

Mabasi yetu mengi huanza yakiwa chesisi tu: fremu, injini na magurudumu. Bodi huundwa hapa nchini. Mabati ya nje, hata yapakwe rangi za kuvutia vipi, hayawezi kulishikilia paa basi linapobingirika. Kazi hiyo ni ya nguzo za chuma zilizo kati ya madirisha, zinazochomelewa kwenye sakafu na kuungana na matao ya paa. Zikiwa nyembamba au zimechomelewa ovyo, paa huporomokea viti. Ndiyo maana Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina kiwango cha ujenzi wa bodi, KS 372.

Abiria hawezi kuziona nguzo hizo. Kiti, hata hivyo, anaweza kukitikisa kabla ya safari. Kikicheza, mwambie kondakta akubadilishie, kwani kiti kilicholegea hung'oka pamoja na aliyejifunga mkanda. Hakikisha pia mlango wa dharura haujazibwa na mizigo.