Mhubiri Mgeni Katika Kanisa Linalokua

Somo: Matendo ya Mitume 11:19-30



Mwezi uliopita nilialikwa kuhubiri katika kanisa moja ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Ukitoka kwetu Makueni unashika lami ya Kibwezi, unavuka mto, unapita Ikutha kuelekea Mutomo. Kanisa ni la mabati, na limejaa mpaka vijana wanafuata ibada wakiwa wamekaa juu ya bodaboda nje. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo jicho langu hukimbilia hesabu: nikahesabu viti, nikahesabu bodaboda, nikamuuliza mzee wa kanisa hawa watu wametoka wapi. Akanijibu walianza akina mama wanne waliokuwa wakiombea wagonjwa nyumba kwa nyumba. Hakukuwa na krusedi wala mtumishi mwenye jina kubwa.

La Antiokia lilianza vivyo hivyo. Msitari wa 20 unataja watu wa Kipro na Kirene waliokimbia mateso. Majina yao hatupewi. Habari zikafika Yerusalemu, na Barnaba akatumwa. Kwenye biashara, mtu wa makao makuu akija kwenye tawi linalofanya vizuri, wafanyakazi hujua amekuja kukagua vitabu au kuchukua sifa. Barnaba aliona neema ya Mungu, akafurahi. Akawatia moyo washikamane na Bwana. Hatusomi kwamba alileta ufunuo mpya wa kuwafanya wawadharau waliowafikishia Injili. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alipokuja Nzaui, hapa hapa Makueni, alikuja kuanzisha kazi. Mhubiri mgeni wa leo anakuta kazi imeshasimama, na kitu cha kwanza anachodaiwa ni kuitambua.

Halafu Barnaba akaenda Tarso kumtafuta Sauli, wakafundisha mwaka mzima. Kufundisha mwaka mzima hakuna shangwe, wapendwa. Hakuna anayepiga vigelegele ukifika wiki ya thelathini ya somo lile lile. Lakini ni pale Antiokia wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine wenu mmelinung'unikia, yaani bahasha. Tangu wazee wetu wapitishe kwamba hakuna mgeni atakayeitisha "mbegu" kwenye madhabahu yetu, nimesikia ikisemwa tunajifungia baraka. Mimi nasimama na wazee. Nimemwona mama, si katika kanisa letu, akiahidi mbuzi aliyekuwa wa karo ya mtoto kwa sababu mgeni alisema mlango ungefunguka kabla ya saa sita usiku. Nambari ya M-Pesa iliyosomwa ilikuwa ya mgeni mwenyewe. Akaondoka kesho yake, na pasta wa pale akabaki na yule mama na yule mtoto.

Mtenda kazi anastahili ujira wake. Bwana mwenyewe alisema hivyo, Luka 10:7. Mgeni apewe nauli, ale ashibe, na kanisa limpe kitu kupitia kwa mweka hazina, kiandikwe kitabuni. Na Mkamba hawezi kumwacha mgeni aende mikono mitupu. Kule Kitui nilipewa kuku, na huwezi kumrudishia mama kuku aliyemfuga.

Kuna kitabu cha Wakristo wa kale kiitwacho Didake. Si Maandiko Matakatifu, lakini kinatuonyesha kwamba shida hii si ya jana. Kinasema mtume anayepita apokelewe, akae siku moja, au mbili ikibidi; akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani. Akiitisha fedha, naye ni wa uongo. Anayetaka kukaa na ana ufundi, afanye kazi ale. Wahenga wetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Barnaba alikaa mwaka, lakini jembe alilishika.

Tena angalia pesa za Antiokia zilikwenda wapi. Agabo alitabiri njaa, ikaja siku za Klaudio, na kila mwanafunzi akatoa kadiri ya uwezo wake kwa ajili ya ndugu wa Uyahudi. Waliobeba mchango huo ni wale wale waliokuja kama wageni, Barnaba na Sauli, wakaukabidhi kwa wazee. Sisi njaa tunaijua. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya, na hatujasahau. Lile kanisa la Kitui limeweka magunia ya ndengu nyuma ya mimbari kwa nyumba zitakazopungukiwa, na wanaoyagawa ni akina mama, si pasta.

Nilipoaga, wazee wao waliniomba jambo moja. Hawakutaka krusedi. Wana waongofu wapya wengi na hawana mwalimu, wanataka mtu wa kufundisha Jumamosi kwa miezi mitatu. Baraza letu limekubali kulipa nauli ya watu wawili kutoka mfuko wa uinjilisti. Walio tayari kwenda wampe katibu majina yao kabla ya ibada ya Jumapili ijayo.