Nikienda geti la kiwanda, nimemtilia Mungu shaka?

Shangazi, nina miaka 26, naishi Kiganjo, Thika, na mke wangu ni mjamzito wa miezi sita. Nilisomea ufundi wa stima nikamaliza vizuri. Januari, kwenye kesha, mhubiri aliniwekea mikono akasema kazi itanifuata nyumbani kabla mwaka haujaisha, na kwamba nikiitafuta nitakuwa nimelitilia shaka neno hilo. Nikaacha kupeleka barua za maombi ya kazi. Nilipanda pia mbegu ya Sh3,000 nilizokopa kwenye chama cha mke wangu. Sasa ni Septemba, nadaiwa kodi ya miezi miwili, na mke wangu anasema niende viwandani kama wenzangu. Nampenda Mungu na sitaki kumkosea. Nifanyeje?

Mngojaji, Thika

Mwanangu, kilichonigusa katika barua yako ni hiyo hofu ya kumkosea Mungu. Ni hofu njema, usikubali mtu akucheke kwa sababu yake. Ila kuna aliyeitumia kukufungia ndani.

Isome tena habari ya mjane aliyemwendea nabii Elisha, 2 Wafalme sura ya nne. Mumewe alikuwa mcha Mungu, amekufa ameacha deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii hakumwambia akakae angoje. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta, basi. Akatumwa kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Hebu mfikirie mama huyo akibisha mlango baada ya mlango, pengine kila jirani anajua kwamba anadaiwa. Ndipo akajifungia na wanawe, akamimina, na mafuta hayakukoma hadi vyombo vilipokwisha. Hata baada ya hapo aliambiwa akayauze, alipe deni. Muujiza ulimwachia kazi ya kufanya.

Wewe nyumbani una ufundi. Unaulalia tangu Januari.

Na usidhani nakutolea mifano ya mbali tu. Hapo Thika, mwaka 1946, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya watoto wasioona. Hao ni watu wa maombi, nani atawabishia? Lakini hawakuwaketisha watoto wale wangoje macho yafunguke. Waliwafundisha kusoma Breli kwa vidole. Shule ile ipo hadi leo. Sijui ni nani angethubutu kusema kwamba waliokata shauri kuijenga walikuwa na imani haba.

Sasa nigeukie upande ambao mke wako naye auzingatie. Unajua yanayotokea kwenye geti la kiwanda alfajiri. Vijana wamejipanga na bahasha zao za kaki, msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe na yule. Geti linafungwa. Wanaobaki nje hawakukosa imani wala bidii, nafasi ndizo zilikuwa chache. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ukiamka mapema kazi ni yako. Utarudi mikono mitupu siku nyingi, na siku hizo ndizo utakazomhitaji Mungu kwelikweli, usije ukajiona hufai, ukashindwa kutoka tena kesho yake. Kwenda ni juu yako. Kupata mwachie Mungu, na mke wako asikupimie imani wala uanaume kwa ulichorudi nacho jioni.

Usizunguke viwandani pekee. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, karibu mara mbili ya Thika, na ploti za kupangisha hazijaacha kuota huko. Kila chumba kinataka waya, swichi na soketi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ufanye naye vibarua, naye akuelekeze namna ya kuomba ya kwako. Usijaribu kuweka stima kwenye nyumba ya mtu kabla hujaipata, hata uwe na shida kiasi gani.

Kuhusu mhubiri, usimtumie hata shilingi nyingine. Mwendee mchana, uende na mkeo, umuulize kwa heshima ni wapi palipoandikwa kwamba kutafuta kazi ni dhambi. Mtume Paulo mwenyewe alishona mahema Korintho huku akihubiri. Akikasirika au akikutisha kwa laana, hamia kanisa jingine. Thika hapakosekani kanisa, na kumwacha mhubiri si kumwacha Mungu. Mimi naona alikukosea sana, hasa kwa kupokea pesa kutoka kwa mtu asiye na kazi.

Maombi usiyaache. Amka saa kumi usali, kisha uwahi matatu za kwanza.

Lakini kabla ya hayo yote kuna zile Sh3,000. Ni jasho la akina mama. Kikao kijacho cha chama, mwombe mkeo mwende pamoja, usimame wewe mwenyewe useme ulizikopa na utazilipa kutoka kibarua cha kwanza, hata kama ni mia mbili mia mbili kwa wiki. Yeye ndiye amekuwa akiketi nao miezi hii yote akijibu maswali kwa niaba yako.