Kuchagua Mfumo wa Umeme wa Jua kwa Matumizi ya Nyumbani

Mkazi wa Nyamwage anayefikiria kununua sola hana budi kujiuliza kwanza iwapo anaihitaji. Kwa kaya zilizo kandokando ya Barabara ya Kilwa na njia ya kwenda Utete, ambako nguzo zimekwisha kupita, ada ya kuunganishiwa umeme wa gridi iliyotangazwa na Serikali kwa maeneo ya vijijini ni shilingi 27,000. Gharama ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba huongezeka juu yake. Hata hivyo, mfumo wa sola wa kuwasha taa nne na televisheni hauwezi kupatikana kwa fedha hizo. Kwa aliye mbali na nguzo, au anayekaa bondeni msimu mzima wa kilimo, hesabu ni nyingine, na makala haya yameandikwa zaidi kwa ajili yake.

Watu wengi huanza kwa kuulizia bei ya paneli. Utaratibu ulio sahihi ni kuanza na orodha ya vifaa vitakavyotumika, wati zake, na saa ambazo kila kimoja kitawashwa kwa siku. Tuchukue kaya ya kawaida. Taa nne za wati 5 zikiwashwa saa tano hutumia wati-saa 100. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne hutumia 120. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni 30, na simu tatu, kwa makadirio ya 15 kila moja, ni 45. Jumla ni 295, tuseme 300.

Umeme huo haufiki wote kutoka kwenye paneli hadi kwenye taa. Joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe hula sehemu yake, na ni busara kukadiria hasara ya asilimia 30. Hivyo paneli itazalisha takriban wati-saa 430 kwa siku. Gawanya kwa saa nne za jua kali, kipimo cha tahadhari kinachozingatia mawingu ya masika, nawe utapata wati 107. Paneli ya wati 120 itatosha. Ya 150 itakupa nafasi ya kupumua. Atakayeongeza friji ajue kwamba friji ndogo peke yake inaweza kutumia zaidi ya vifaa vyote tulivyovitaja, na pasi haina nafasi kabisa katika mfumo wa ukubwa huu.

Betri ndiyo inayowavunja moyo watumiaji wengi. Ukitaka akiba ya usiku mbili, unahitaji wati-saa 600. Betri ya asidi, iwe ya maji au kavu, haipaswi kutumiwa chini ya nusu ya ujazo wake, la sivyo hufa mapema. Kwa hiyo unanunua ya wati-saa 1,200, yaani volti 12 na ampea-saa 100. Betri ya lithiamu huruhusu kutumia hadi asilimia 80, na ampea-saa 65 zinaweza kufanya kazi ileile. Bei yake huwa juu siku ya kununua, lakini hudumu miaka mingi zaidi, mradi kontrola iwe ya aina inayokubaliana nayo. Betri ya gari isitumike. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, wala si kuhudumia taa usiku kucha.

Bidhaa hafifu zipo sokoni, na nembo ya Shirika la Viwango Tanzania iangaliwe kabla ya kulipa. Zaidi ya nembo, mnunuzi ana mbinu zake. Mwombe muuzaji aitoe paneli juani na kuipima kwa mita: paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12, ikiwa haijaunganishwa na kitu, huonyesha takriban volti 21, na mkondo wake hukaribia ampea 6 jua likiwa kali. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 inyanyue kwa mikono yako: uzito wake huwa kati ya kilo 25 na 30, na ikiwa nyepesi kama ndoo ya maji iliyojaa nusu, maandishi yaliyo juu yake hayaaminiki. Dai risiti na hati ya udhamini yenye tarehe.

Kuhusu ufungaji, sisi tuko kusini mwa Ikweta, takriban nyuzi 8, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi. Mwinamo huo huiwezesha mvua kusafisha vumbi. Iwe mbali na kivuli cha mkorosho au mnazi. Kivuli cha tawi moja tu kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Juu ya bati iachwe nafasi ya hewa kupita, na mwenye paa la makuti aisimamishe juu ya nguzo imara. Waya nao una hesabu yake. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 10, ukibeba ampea 8, hupoteza zaidi ya volti moja, nayo ni nyingi katika mfumo wa volti 12. Tumia wa 6, na fyuzi iwekwe karibu na betri.

Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoingia hadi ndani ya nyumba kule Muhoro, yametuachia somo jingine: betri na kontrola viwekwe juu ya rafu iliyofungwa ukutani, kamwe si sakafuni. Kwa mkulima anayelala dunguni kulinda mpunga, taa ya sola ya kubebeka yenye tundu la kuchajia simu inafaa kuliko mfumo wa kufungwa. Ndugu zetu wa visiwa vya delta, wilayani Kibiti, wakague viungio mara kwa mara kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Wapo wanaochukua mfumo kwa malipo ya kidogokidogo kupitia simu. Utaratibu huo umewasaidia wengi, ila kifaa huzimwa malipo yakichelewa, na kipato cha mkulima wa ufuta au korosho huja kwa msimu. Kabla ya kutia saini, uliza kama unaweza kulipa miezi kadhaa kwa mkupuo baada ya mnada, jumla itakuwa kiasi gani ukilinganisha na kununua taslimu, na nani atakuhudumia kampuni ikibadilika. Mobisol, iliyofahamika sana nchini kwa biashara hii, ilifilisika mwaka 2019 na kununuliwa na kampuni ya ENGIE.

Betri ya asidi iliyokwisha isipasuliwe wala kutupwa shambani, kwa kuwa ina risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Irudishwe kwa muuzaji. Wengi huipokea kwa kupunguza bei ya mpya.