Nani hupanga povu baharini?

SWALI: Nilipozuru Diani mwezi wa Agosti, niliona povu na mwani vimejipanga mistari mirefu baharini. Husababishwa na nini?
Msomaji, Kangemi, Nairobi

JIBU: Ni upepo na mawimbi kwa pamoja. Kila wimbi linapopita, maji ya juu husogea mbele kidogo kuliko ya chini. Mwendo huo ukikutana na mkondo unaosukumwa na upepo, maji hujiviringisha, mithili ya magogo marefu yaliyolazwa kuelekea upepo uendako. Viringo jirani huzunguka kinyume. Maji yanapokutana na kuzama, povu na mwani hubaki juu, na hiyo ndiyo mistari uliyoiona. Mmarekani Irving Langmuir aliiona akivuka Atlantiki mwaka 1927, akaichunguza katika Ziwa George, New York, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1938.

Mzunguko huu una kazi kubwa. Ukisaidiwa na mawimbi yanayovunjika, hushusha joto na hewa, na huweza kupandisha maji baridi yenye rutuba. Ni sababu mojawapo ya bahari yetu kuwa baridi zaidi wakati wa kusi kuliko kaskazi. Ukirudi Diani, linganisha mistari hiyo na mwelekeo wa upepo.