Mnazi Kando ya Ziwa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mnazi ni mti wa joto la nchi ya chini, kwa hiyo anayeupanda Homa Bay au Migori anaupeleka ukingoni mwa uwezo wake. Uzembe unaosamehewa Kilifi, huku unaua mche.

PANDA karibu na maji: Mbita, Kendu Bay, Muhuru. USIPANDISHE mnazi vilima vya Kuria wala Gwassi. Baridi ya usiku itaudumaza.

USIPANDE nazi iliyofuliwa. Zinazofika masoko yetu nyingi zimekwisha kuvuliwa makumbi. Hizo ni za kukuna. Agiza Pwani nazi iliyo na makumbi yake, iliyokomaa mtini miezi 11 au 12. Si dafu, si koroma. Itikise sikioni: usiposikia maji, ipeleke jikoni.

ILAZE ubavu kitaluni, upande mpana juu, uifukie theluthi mbili tu. Iwe chini ya kivuli chepesi, na imwagiliwe kila baada ya siku mbili. Itachipuka baada ya miezi miwili hadi minne. Ikipita mitano, itupe bila huruma, maana mbegu goigoi huzaa mti goigoi. Na USIIPASUE kuchungulia, hata watoto wakililia joya. Joya ndilo linalonyonya nyama ya nazi na kuulisha mche.

ANZA kitalu Julai, ili mvua za Machi zikute mche wa miezi minane. Shimo sentimita 60 kila upande, makumbi chini yashike unyevu, mita 8 au 9 kati ya mti na mti. USICHAGUE udongo mweusi unaotuamisha maji.

USIRUNDIKE samadi wala magogo yaliyooza karibu. Humo hutaga chonga, mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kilele.

MWAGILIA kila kiangazi kwa miaka miwili ya mwanzo. Pwani mnazi mrefu huanza kuzaa kati ya miaka 6 na 8. Huku ongeza subira.

JENGA uzio kabla ya kuchimba shimo. Mwembe ukitafunwa hutoa tawi jingine. Mnazi una kilele kimoja tu. Nimeona mche wa miaka mitatu ukimalizwa na mbuzi mmoja, asubuhi moja, kwa sababu mwenyewe aliahidi kuleta miiba kesho yake.