Laini mbili, sheria mbili: ninavyochagua mtandao, programu na filamu hapa Buhehe

Huku kwetu Buhehe, mpakani mwa Uganda na Kenya, ni kawaida simu moja kubeba laini za nchi mbili. Ya Uganda ni ya nyumbani, ya karo na ya kikundi cha akiba. Ya Kenya ni ya soko la Busia na ya jamaa zetu Wasamia walio ng'ambo ya Mto Sio. Kazi yangu ni kuprinti, kutoa fotokopi na kurekebisha simu, kwa hiyo simu za watu wa pande zote mbili hupita mikononi mwangu. Kazi hiyo imenifanya niamini jambo moja: vitu tunavyovikimbilia kwa sababu ni vya bure, iwe filamu ya wizi, WhatsApp ya pembeni au VPN isiyojulikana mwenyewe, ndivyo vinavyobeba siri zetu. Hakimiliki na faragha husikika kama mambo mawili ya mawakili wa Kampala na Nairobi. Kwenye simu ya mama anayeuza mukene (dagaa), yote mawili huingia kwa mlango mmoja.

Nianze na laini zenyewe. Zima romingi ya data kwenye laini zote mbili. Ukikaribia mto, simu inaweza kudaka mnara wa Kenya ungali Uganda, na hapo bando lako la kawaida huenda lisifanye kazi. Lisipofanya, kinacholiwa ni salio. Nenda kwenye mipangilio, uchague mtandao mwenyewe badala ya kuiachia simu.

La pili ni jina lililosajili laini. Mpakani watu husajiliana kwa wema: wewe huna kitambulisho cha Kenya, rafiki anakuwekea chake. Kisheria namba hiyo ni yake. Mkikosana, au laini ikipotea, huwezi kuirudisha bila yeye kufika dukani. Na wewe uliyemsajilia mwenzako, jina lako ndilo litakaloulizwa namba ikitumika kwa utapeli. Wenye laini za Safaricom wapige *106# waone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na wazikane wasizozijua. Mwenye pasipoti aitumie, asajili kwa jina lake. WhatsApp nayo ifungue kwa laini unayoitumia kila siku, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hurudishwa sokoni, na mnunuzi mpya ndiye atakayepokea namba zako za uthibitisho. Weka PIN ya hatua ya pili leo hii.

VPN: uliza nani anailipia

Watu wa upande wa Uganda tulijifunza VPN, programu inayoificha kampuni ya simu unakokwenda mtandaoni, kwa kulazimika. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Mwenye kipato kidogo alijua la kufanya: akaweka VPN ya kwanza aliyorushiwa na jirani. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaletwa nyingine ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe, ambayo VPN haiwezi kuikwepa kwa kuwa inakatwa unaponunua. Lakini VPN zilibaki kwenye simu, kwa sababu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa na miaka ikapita bila kufunguliwa.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba VPN haifuti nyayo zako, inamhamishia mtu mwingine kazi ya kuziona. Badala ya kampuni ya simu kujua unakokwenda, anajua mwenye VPN. Facebook yenyewe ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure kwa jina la kuwalinda, kisha ikatumia taarifa zao kujua programu gani za washindani zinapendwa. VPN hiyo ilifungwa mwaka 2019, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni mbili za Meta, ndilo jina jipya la kampuni ya Facebook, faini ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwaficha watumiaji ukweli huo. Ikiwa kampuni yenye jina kubwa ilifanya hivyo, fikiria ile yenye matangazo kila dakika na isiyoandika hata anwani ya ofisi.

Mimi huchagua hivi. Natafuta jina la kampuni na nchi yake. Natafuta inapopata pesa: kama kuna wateja wanaolipia huduma kubwa na wewe unapewa ndogo bure, hiyo naielewa. Naangalia kama programu yake imewekwa wazi ili wataalamu waikague. Proton VPN ya Uswisi inatimiza hayo, na ya bure haina kikomo cha data, ndiyo maana ndiyo ninayowawekea watu. Na naiwasha ninapoihitaji tu, kwa sababu VPN hula bando. Msitegemee ifanye muujiza: kati ya Januari 13 na 18, 2021, intaneti nzima ilipozimwa Uganda, VPN haikusaidia chochote. Kilichosaidia ni laini ya Kenya mahali mnara wake ulipofika.

WhatsApp za pembeni

Kila mtu wa mpakani anajua njia za panya: mzigo unapita haraka, haukaguliwi, lakini ukiibiwa huko huna pa kulalamika. Programu zinazorushwa kwa Bluetooth bila kupitia duka rasmi ni hivyo hivyo. GBWhatsApp na ndugu zake, yaani WhatsApp zilizobadilishwa na wasio wenyewe, hupendwa kwa sababu zinaficha tiki za buluu na kukuonyesha ujumbe uliofutwa. Agosti 2021 watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky walikuta programu haribifu inayoitwa Triada ndani ya FMWhatsApp, yenye uwezo wa kumwandikisha mtu huduma za kulipia bila habari yake. WhatsApp wenyewe hufungia akaunti za wanaotumia matoleo hayo. Programu za kutazama mpira bure nazo siziweki, hata nikilipwa. Hazina haki ya kurusha mechi, na mtu asiyeheshimu haki ya mwenye mechi sioni kwa nini aheshimu orodha yako ya namba za simu.

Ukienda saiba kuprinti

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndipo ninapoona watu wakiumia zaidi.

Mama mmoja alinijia na simu mkononi, hataki kuprinti chochote. "Mwanangu," akasema, "mbona jumbe zangu zinakuwa zimeshasomwa kabla sijazifungua?" Nikafungua WhatsApp yake, nikagusa vile vidoti vitatu juu, nikaingia kwenye vifaa vilivyounganishwa. Kulikuwa na kompyuta moja ya Windows, na chini yake imeandikwa kwamba imetumika leo. Nikamuuliza, "Mama, uliprinti wapi mara ya mwisho?" Akakumbuka alipeleka makubaliano ya shamba kwenye duka moja mjini. Kijana wa pale alimwambia aelekeze kamera kwenye skrini, hati ikatoka, akalipa, akaondoka. WhatsApp yake ikabaki wazi kwenye kompyuta ya watu. Kifaa kilichounganishwa hutolewa simu yenyewe ikikaa siku 14 bila kutumiwa, lakini nani huku anakaa siku 14 bila kugusa WhatsApp? Nikagusa jina la kompyuta hiyo, nikaiondoa. Hatukuchukua hata dakika moja.

Kwa hiyo usiunganishe WhatsApp yako na kompyuta ya duka. Tuma hati kwa baruapepe ya duka kutoka kwenye simu yako, au ilete kwenye flashi yenye hati hiyo tu. Simama hapo hapo. Karatasi ikitoka, omba faili ifutwe kwenye folda ya vilivyopakuliwa na kwenye pipa la taka la kompyuta. Ukiona mwenye duka ananuna, hamia duka jingine. Folda hizo hujaa vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na barua za hospitali za watu wasiojuana.

Nakala ya kitambulisho usiiache tupu kamwe. Andika kwa kalamu juu ya nakala yenyewe, bila kufunika namba: "Kwa kusajili laini tu", kisha tarehe. Nakala yenye maneno hayo si rahisi kuombea mkopo.

Flashi iliyotoka kwenye kompyuta ya kuuzia filamu naijua hata kabla mwenyewe hajasema. Folda zake zimegeuka, kila moja ina kishale kidogo pembeni, na ukibofya unaamsha kirusi. Mwalimu anakuja na mitihani ya muhula mzima humo. Ukitaka filamu kwa njia hiyo, angalau flashi ya kazi na flashi ya burudani zisiwe moja.

Kuhusu filamu na muziki nina msimamo, na najua haupendwi. Nazipenda filamu zinazotafsiriwa na maVJ wetu kwa Kiluganda, na DJ Afro kwa Kiswahili upande wa Kenya. Sauti zao ni kazi ya sanaa, na ningependa wapewe leseni walipwe. Lakini haki ya kutafsiri ni ya mwenye filamu, kwa sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2001, kwa hiyo dukani kwangu sijazi memori kadi. Kitabu kizima cha shule pia sitoi kopi. Kurasa unazohitaji kujisomea, nakutolea.

Kuna njia halali zisizomaliza pesa. Wimbo usikilize kwenye chaneli ya msanii mwenyewe, kwa ubora wa chini ili kuokoa bando. Mwenye laini ya Kenya anaweza kuweka wimbo kuwa mwito wanaousikia wanaompigia: marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria ya hakimiliki ya Kenya yanataka mwenye kazi apate si chini ya asilimia 52 ya mapato hayo. Watoto wana African Storybook, hadithi za Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika ambazo leseni yake inakuruhusu kuzipakua na kuziprinti bila kuomba ruhusa. Kompyuta yangu ya duka inatumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia hati, isiyohitaji ufunguo wa wizi wenye virusi. Tena programu kama hiyo si jambo geni kwa Waswahili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004.

Mwisho, programu za mikopo. Programu ya aina hiyo ikikuomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, kataa; isipokubali kufanya kazi, ifute. Upande wa Kenya, ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 mwaka 2023 kwa kutumia namba za watu kuwatumia jumbe za vitisho. Mwaka huo huo shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wazazi wenzangu, hilo lishikeni.

Nchi zote mbili zina sheria ya kulinda data tangu 2019. Aliyedhulumiwa na kampuni ya Kenya apeleke lalamiko kwa Kamishna wa Data, na sheria inataka liamuliwe ndani ya siku 90. Aliyedhulumiwa Uganda aende kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Tafadhali usifute ujumbe wa vitisho kwa hasira. Upige picha ya skrini ukionyesha namba na tarehe, uutume kwa simu ya mtu unayemwamini, kisha andika lalamiko lako siku hiyo hiyo.